Mwenye Kichwa

Neno la kwanza kupotea lilikuwa ufagio. Ufagio wenyewe ulikuwa mbele ya macho yake, umeegemea ukuta wa darasa, naye amenyoosha kidole na kusema, "Hebu niletee ile... ile ya kufagilia." Watoto thelathini wa chekechea wakaangua kicheko, maana mtoto wa miaka mitano hana huruma na mtu mzima asiyejua ufagio. Na yeye akacheka nao. Lakini jioni, akimvua mama yake viatu, alikuwa bado analirudia neno lile: ufagio, ufagio.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Watoto walimwita Ticha, wazazi wao wakamwita Ticha, hata majirani, basi na sisi tumwite hivyo.

Mama yake alikuwa karani wa posta, mtu aliyejua masanduku mia nne ya barua na sura za wenyewe. Alianza kusahau akiwa na miaka arobaini na tisa, wenzake wakiwa bado wanagombania vyeo. Alianza na vijineno. Sufuria ikawa "kile kitu", mlango ukawa "kile kitu", na mwisho binti aliyemzaa akawa "wewe mama". Sasa alikuwa na hamsini na minane, mwili mzima kama chuma, akizunguka nyumba kutwa kutafuta funguo za ofisi iliyomstaafisha zamani.

Kwa hiyo Ticha alikuwa na hesabu yake ya siri. Arobaini na tisa kutoa thelathini na mbili, imebaki miaka kumi na saba. Hesabu hiyo alikuwa ameizoea, kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Ufagio ndio uliokuja kuivuruga.

Baada ya ufagio yakafuata mengine. Aliingia jikoni akasimama katikati, hajui kilichompeleka. Alitia chumvi kwenye uji mara mbili, siku ya tatu hakutia kabisa. Alianza kuandika viganjani kwa kalamu, kama mwanafunzi anayeibia mtihani, na mtu akimkaribia anafumba ngumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mwajiri.

Na mwajiri wake alikuwa amejenga shule nzima juu ya kichwa cha Ticha. Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na geti la bati. Saa sita na nusu watoto waliketi kwenye mkeka, mabegi mapajani, na mtu akigonga geti Ticha alimtazama usoni kisha akamwita mtoto wake. Daftari la kutoka halikuwapo. "Shule nyingine zina madaftari," mwalimu mkuu aliwaambia wazazi wapya, mikono kiunoni. "Sisi tuna Ticha." Na kweli Ticha alijua nani huchukuliwa na shangazi siku za Jumanne, nani huchukuliwa na bibi asiyesikia vizuri, na ni baba yupi haruhusiwi kulikaribia geti mpaka ugomvi wake na mkewe utulie. Watoto thelathini, na nyuso za kuwachukua karibu sabini.

Nyumbani nako ilikuwa vilevile. Kaka yake mkubwa alikuwa na duka la vipuri vya magari upande wa pili wa mji, na nyumba yenye vyumba viwili asivyolala mtu. Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuja na mfuko wa matunda, akaketi nusu saa, akamtazama mama yao na kutoa hukumu: "Mama anaendelea vizuri kweli." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ticha akimwomba akae naye hata siku mbili, jibu lilikuwa tayari mdomoni. "Nitamvurugia mama ratiba yake, mdogo wangu. Wewe ndiye mwenye kichwa."

Ukoo mzima ulilishika neno hilo. Shangazi akitaka tarehe aliyofariki babu, alimpigia mwenye kichwa. Kaka akisahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, alimpigia mwenye kichwa. Ni sifa tamu, lakini mtu akilishwa sifa miaka tisa huona haya kusema ana njaa. Usiku mama aliamka mara tatu, mara nne. Asubuhi jirani mmoja mjane alikuja kukaa naye, Ticha akaenda shule, akarudi, akaanza upya. Alikuwa amechoka uchovu ule usioondoka hata ukiketi.

Alhamisi moja, saa saba kasoro, alikuja msusi wa pale kona, mikono bado inang'aa mafuta ya nywele. Alikuja kumchukua binti yake aliyeitwa Mapengo kwa sababu ya meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Ticha akageuka kwenye mkeka. Walikuwa wamebaki watoto wanne, na Mapengo hakuwamo.

"Mwanangu yuko wapi, Ticha?"

Hakujua. Alikimbilia chooni, akarudi darasani, akachungulia chini ya meza, akafunua magodoro. Begi la mtoto halikuwapo, maana yake kuna mtu amemchukua. Na aliyemfungulia mtu huyo geti ni yeye Ticha, kwa sababu ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Akautafuta uso wa huyo mtu kichwani mwake. Hakukuwa na uso wowote. Akamfikiria yule baba asiyeruhusiwa, ingawa hakuwa baba wa Mapengo, akatoka nje ya geti kuangalia njia.

Msusi alikuwa ameshapiga simu kwa mumewe, fundi bomba, na sauti ya mume ikasikika hadi ukutani. "Si ninaye hapa! Nimemaliza kazi mapema nikampitia. Ticha mwenyewe kanikabidhi. Tena tumecheka, kaniuliza lile bomba la shule nitakuja kulitengeneza lini."

"Umenitoa roho, Ticha!" msusi akasema, sasa anacheka, mkono kifuani. "Ah, jamani, kazi zinatuchosha." Akaondoka zake, hana kinyongo.

Ticha alibaki amelishika geti. Alikuwa amesimama na mtu, wamezungumza, wamecheka, amemkabidhi mtoto wa watu, na hapakubaki hata chembe. Kama angekuwa mtu mwingine aliyegonga, je? Swali hilo lilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Watoto wanne wa mwisho walipochukuliwa alikwenda ofisini, akafungua viganja vyake vilivyojaa wino, akamwonyesha mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu aliyasoma maandishi yale kwa muda. *Dawa ya mama saa tisa. Chaki. Zima jiko.*

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniachisha kazi, Mwalimu."

Mwalimu mkuu hakukana, na Ticha alimshukuru kwa kutomdanganya. "Nenda kwa daktari," akasema. "Nakupa wiki mbili. Getini nitasimama mwenyewe." Kesho yake mwalimu mkuu alipita duka la vitabu akanunua daftari la kutoka. Lilimchukua dakika tano, baada ya kungoja miaka sita.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri wake na Ticha mmoja, na hilo lilimwongezea huzuni. Alimpa maneno matano ayashike: kisu, mvua, shingo, kengele, chumvi. Akamwambia achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba. Kisha akayataka maneno yake. Kisu, mvua, shingo, chumvi. La tano likakataa. Ticha, mtu anayegonga kengele kila siku ya Mungu, alikaa pale na machozi yakimlengalenga, akalitafuta mpaka daktari akamwambia basi, inatosha.

"Mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?"

Alitaka kujibu, akajikuta anacheka. "Hilo nalo nimesahau, Daktari."

Daktari hakucheka. Alimpima damu, akamtaka arudi baada ya siku tatu kwa majibu, na aliporudi hayakuwa na baya. "Ugonjwa wa mama yako nimeuandika, siupuuzi," akasema. "Lakini leo sioni dalili zake kwako. Ninayemwona ni mtu aliyechoka sana. Uchovu wa namna hii unaiba maneno, unaiba hata saa nzima. Siwezi kukuapia. Rudi baada ya miezi mitatu ukiwa umelala. Ukirudi hivi ulivyo, sote wawili hatutajua chochote."

Njiani kurudi aliyarudia maneno hayo mpaka akayashika. Kulala. Alikuwa anaandikiwa dawa isiyouzwa dukani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kaka alikuja na mfuko wake wa matunda. Akaketi, akamtazama mama aliyekuwa akipekua mto wa kiti kutafuta funguo, akafungua mdomo kutoa hukumu yake.

"Kaka," Ticha akamuwahi, "mimi sina tena kichwa."

Akamweleza yote, tangu ufagio mpaka Mapengo mpaka daktari. Hakupandisha sauti, hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo. "Nataka umchukue mama miezi mitatu. Kama ni uchovu, nijue. Kama ni ugonjwa wake, pia nijue."

Kaka alikuwa ameyashika machungwa mawili, hajui ayaweke wapi. "Lakini mdogo wangu, mimi nitajuaje... dawa zenyewe sizijui."

"Chukua karatasi."

Akachukua. Ticha akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, akaanza. Kidonge cheupe ni nusu, baada ya uji, si kabla, la sivyo atatapika. Cha njano unakisaga kwenye ndizi, na asikuone ukikisaga. Kuoga unaanzia miguuni, ukianza na kichwa ataona unamzamisha. Kiatu cha kushoto kwanza. Kioo cha chooni kifunike, humo anamwona mwanamke asiyemjua na anamwogopa. Akitafuta funguo usimwambie hazipo, ndani ya kopo la majani ya chai kuna ufunguo wa kufuli bovu, mpe huo, atatulia mpaka jioni. Mlango wa nyuma ufunge kwa komeo la juu, la chini anaweza kulifungua. Saa kumi atalia. Usimuulize kwa nini, kaa tu karibu.

"Ngoja, ngoja, polepole," kaka akasema, akigeuza karatasi.

"Akimuulizia baba, sema yuko kazini. Usimwambie amekufa. Kila ukimwambia, anafiwa upya."

Kalamu ikasimama. Kaka alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuwahi kujua kwamba mama yao anamuulizia baba. Akaandika hilo pia. Ticha akaendelea, karatasi ya pili, ya tatu, jina la mafuta ya kuchua goti, wimbo wa kumlaza, aina ya kijiko anachokubali. Yalimtoka kwa mfululizo, hakuna neno lililompotea, wala yeye hakuligundua hilo mpaka alipokuwa anamalizia karatasi ya nne.

"Haya yote umeyaandika wapi?" kaka akauliza.

"Sijaandika popote."

Kaka alizitazama zile karatasi nne, akazipanga, akazipangua. Hakusema mama anaendelea vizuri. "Nitamchukua," akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Leo nitakaa naye hapa hapa, niyajaribu haya ukiwapo. Wewe nenda kalale."

"Sasa hivi? Saa nane mchana?"

"Sasa hivi."

Alijilaza kwenye kochi pale pale sebuleni, kwa viatu vyake, kwa sababu chumbani kulionekana mbali. Hakujiona amepona. Kengele ilikuwa imemponyoka, na pengine hesabu ya miaka kumi na saba ilikuwa kweli, pengine ilikuwa fupi zaidi. Lakini hilo angelijua baada ya miezi mitatu. Macho yakajifumba, masikio yakabaki wazi.

Akasikia nyayo za mama zikikaribia, zikasimama juu yake.

"Huyu aliyelala ni nani?"

"Ni binti yako, mama," kaka akasema.

"Mimi sina binti mkubwa hivi." Nyayo zikasogea karibu zaidi. "Lakini amechoka huyu mtoto wa watu. Mfunike."

Akasikia kaka anavuta pumzi, na akajua kinachofuata: *mdogo wangu, shuka ziko wapi?* Droo ya tatu, chini ya taulo. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Akalingoja swali, na swali halikuja. Kilichokuja ni sauti ya kabati likifunguliwa na kufungwa, kisha jingine, kisha jingine.