Noeli Tuliyoiteremsha Bondeni

Mwaka ule nilikuwa bado mgeni katika nyumba ya mume wangu, kwenye kijiji cha misheni juu kwenye milima ya Uluguru. Nilikuwa nimebatizwa muda mfupi kabla ya ndoa, na Noeli ile ingekuwa yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu. Nilitaka ifane.

Wakati huo wa Wajerumani, watu wa kijiji chetu walikuwa wameanza kushindana kwa Noeli. Huyu akichinja nguruwe, yule anachinja mkubwa zaidi. Waliokuwa na ndugu kwenye kazi ya reli waliingia kanisani na nguo mpya, na pombe ilipikwa hadi mitungi ikakosekana. Mama mkwe wangu alikuwa na nguruwe aliyemnenepesha tangu masika, nami nilishajigamba kwa majirani kwamba safari hii wangekula kwetu.

Mume wangu hakuwepo. Aliteremka kwenda kufanya kazi katika shamba la mpira la Mjerumani mmoja, bondeni upande wa Msamvu, ili tupate fedha ya kodi ya nyumba iliyodaiwa na serikali. Aliahidi kurudi kwa sikukuu. Noeli ilipokaribia, jirani yetu aliyerudishwa kutoka kule shambani kwa sababu ya kidonda cha mguu alituletea habari kwamba hakuna atakayepanda mlima kuja nyumbani. Bwana shamba amewapa siku ya kupumzika, lakini amewakataza kutoka kambini, maana waliowahi kuruhusiwa hawakurudi.

Nililia sana. Mama mkwe aliniacha, akaendelea kuchambua maharage. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, sherehe hii tunamfanyia nani?"

"Mtoto Yesu, mama."

"Na yeye ametuomba nguruwe?"

Nilicheka bila kutaka, kamasi zikinitoka.

"Basi," akasema, "wao hawawezi kupanda, sisi tunaweza kushuka. Nguruwe atabaki bandani. Kule kambini Waislamu ni wengi, na mimi sibebi chakula cha kuwabagua watu. Na pombe pia tuiache."

Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake wenzetu. Wengi walikataa. Mmoja aliniambia waziwazi kuwa hawezi kuacha karamu yake kwa ajili ya kulowa mvua. Waliokubali ni wale wachache wenye waume kule, na mjane mmoja ambaye hakuwa na mtu yeyote kambini.

Tulisali misa alfajiri, ukungu ukiwa umeziba hata mlango wa kanisa, kisha tukashika njia na vikapu kichwani: ndizi za kupika, magimbi, maharage, unga wa uji na asali kidogo. Njia ilikuwa tope tupu. Mjane aliteleza akakaa chini na kikapu chake, akaanza kuimba wimbo wa Noeli palepale alipokaa, nasi tukaudaka. Tuliimba hadi bondeni.

Langoni tulimkuta nyapara, mtu mzima wa pwani mwenye kofia nyeupe. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

Mama mkwe akajibu, "Leo ni sikukuu yetu. Tumeleta chakula, tule na watu wote waliomo."

"Kuna pombe humo?"

"Hakuna. Wala nguruwe."

Alifunua kikapu kimoja, akatutazama tulivyochafuka tope, akafungua lango. "Jua likianza kushuka, mtoke," akasema.

Mume wangu alikuja mbio, amekonda. Nilikuwa nimemfungia asali yake peke yake kwenye jani la mgomba. Nilipompa, hakuionja. Alinishika mkono akaniingiza kwenye kibanda chao. Kijana mmoja wa Gairo alikuwa amelala humo, anatetemeka kwa homa, amefunikwa blanketi nililolijua vizuri, maana nililifunga mwenyewe kwenye mzigo wa mume wangu siku ya safari.

"Hana ndugu hapa," mume wangu akasema. "Mkorogee uji, umtilie asali hii. Mimi nimeshakuona, nimeshiba."

Nakiri moyo uliniuma kidogo, kwa sababu nilikuja kwa ajili yake. Lakini nilipokuwa namnywesha yule kijana, naye akinishika kidole kama mtoto mchanga, niliona wazi kwamba ile habari tuliyosomewa alfajiri, ya mgeni aliyekosa mahali pa kulala, sikuwa nimeisikia kweli mpaka dakika ile.

Tulikula pamoja, Wakristo, Waislamu na wasio wa dini hizo. Nyapara naye akakaa, akaomba aongezewe maharage. Wanaume walipiga makofi tulipoimba.

Yule kijana alipona. Mume wangu aliporudi kabla ya Pasaka alinieleza kwamba mwenzake ameshaondoka kwenda kwao kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, wanawake waliotukatalia ndio waliotubishia hodi, wakiuliza safari hii tunakwenda kwa nani. Tulikwenda kwa bikizee asiye Mkristo aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto. Mkesha wa Noeli waume zetu walimwezekea paa, na siku yenyewe tukampelekea chakula. Akatuuliza sikukuu yetu inahusu nini hasa. Tukamjibu wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, hadi yeye mwenyewe akainua mkono akatuomba tuanze upya, polepole.