Siku Tuliyokunywa Maji Kitangari

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kuninyang'anya. Majina ya watu yananipotea, na asubuhi natafuta kofia iliyoko kichwani mwangu. Lakini siku ile naiona vilevile ilivyokuwa: sisi vijana wa Mnyambe tunajikokota kwenye uwanja wa nyasi bondeni Kitangari, matumbo yametujaa, na vijana wa pale wanatufunga bao juu ya bao huku wakitucheka.

Naikumbuka kwa sababu yako. Jana ulikuja hapa na jezi yako mpya, ukanywa uji, ukasema Jumamosi huendi Chilangala na wenzako. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema hizo ni mechi za kujipima tu, mashindano yenyewe bado hayajaanza, ukishinda au ukishindwa haiandikwi popote, heri upumzishe miguu.  Bibi yako akacheka, akaingia ndani. Alijua nakumbuka nini. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana kicheko chake kina mahali kilipotoka.

Sisi tulikua enzi za Mdachi, na siku ninazozisema ni baada ya vita vya Maji Maji. Njaa ilikuwa imeanza kupungua, watu wamerudi mashambani. Vijana tulikuwa tunagema mpira wa porini kwenye mitoria, ile mimea inayotambaa juu ya miti. Utomvu ukiganda tunauvuta nyuzi nyuzi na kuzizungusha mpaka ziwe donge, tunapeleka kwa wafanyabiashara Masasi. Donge moja hatukulipeleka. Tulilipiga teke, likaruka kama sungura, basi hapo ndipo wazimu wetu ulipoanza.

Masasi kule vijana wa misheni walikuwa na mpira wa ngozi, wa kujazwa upepo. Walisikia habari zetu, wakatuita tushuke tukacheze nao baada ya mavuno. Usiniulize nililala vipi siku zile. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto, nikiwa shambani naona watu wa Masasi wote wamesimama wananishangilia, jembe limeniangukia mguuni.

Na sikuwa nataka makofi tu. Nilikuwa nimempenda Somoe. Kwetu, unajua, mwenye msichana ni mjomba. Baba hukaa pembeni akasubiri kuambiwa. Mjomba wake Somoe alikuwa Mzee Namkuna, mtu mkimya, anachechemea, risasi ya askari ilimwingia pajani wakati wa vita. Nilipokwenda kwake kueleza shida yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atanijibu tukirudi kutoka Masasi. Hakusema kwa nini. Mimi nikaelewa kwa akili yangu: mzee anataka kuniona nikicheza. Nikifunga bao, nimepata mke.

Sasa nahodha wetu, Likwena, hodari kuliko sote na mwenye maneno kuliko sote, alitafuta mechi ya kujipima. Akakubaliana na vijana wa Kitangari. Hao tulikuwa tukiwafunga kila tunapokutana nao huku juu, hatukuwaogopa hata kidogo. Safari hii wakasema tuwafuate kwao, bondeni.

Ninyi mmekuta bomba, kwa hiyo sikiliza hili. Huku juu kwetu hakukuwa na maji. Mama zetu na dada zetu waliamka wakashuka bondeni na mitungi, wakapanda nayo kichwani, jua likiwa kali ndipo wanafika. Kata moja ya maji, kile kifuu cha kuchotea, ilizunguka kwa watu wengi, na mtoto alifundishwa kunywa huku akiwaangalia wenzake. Mtu wa Mnyambe alikuwa anazaliwa na kiu na kuzeeka nayo.

Tukafika Kitangari. Pembeni mwa uwanja, chemchemi. Maji yanatoka tu, hayana mwenyewe, hayana kata. Mwanangu, tulikunywa. Tulilala kifudifudi tukanywa kama nyati. Tukapumzika kidogo, tukarudi tukanywa tena, maana ni nani aliyewahi kuona maji ya kubaki? Likwena akajifuta mdomo akasema, "Leo tunanyoosha miguu tu, msijisumbue. Masasi ndiko kwenye kazi."

Mpira ukaanza. Nikikimbia nasikia maji yanapiga kelele tumboni, kama mtungi usiojaa. Likwena alikimbia mara chache akasimama, kashika ubavu. Mwingine alikaa chini kabisa. Wanawake wa kwetu waliokuja kuchota wakaweka mitungi wakatutazama, na Somoe yuko kati yao. Akatupigia kelele, "Kumbe mnajua kubeba maji! Kesho tutawatuma ninyi, sisi tulale." Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Niliona aibu, lakini sikusimama. Nilitapika karibu na mti uliokuwa goli letu, nikajifuta, nikaendelea kukimbia. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la maana. Ndivyo nilivyokuwa, kila mchezo kwangu ulikuwa mchezo.

Wakatufunga mpaka tukaacha kuhesabu.

Wakati wa kupanda mlima kurudi, wenzangu walikuwa wanacheka. Likwena aliiga jinsi fulani alivyoanguka, akasema hii haihesabiwi, hii tumewapa zawadi. Mimi peke yangu nilikuwa nalia machozi ya kweli, kwa sababu ya yale mabao. Njiani tukamkuta Mzee Namkuna amekaa juu ya jiwe. Kumbe alishuka na dada zake, akatazama yote. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba, hakutupisha.

"Nyinyi mnacheka nini?" akamuuliza Likwena.

Likwena akasema, kwa heshima, kwamba ilikuwa ya kujipima tu, mzee.

"Na wewe unalia nini?" akanigeukia mimi. Nikasema tumefungwa mabao mengi, mzee.

Akatikisa kichwa. "Mmoja anacheka kwa sababu mabao hayahesabiwi, mmoja analia kwa sababu ameyahesabu. Wote mmetazama mabao. Nani ametazama kilichowafunga?"

 

Akanyoosha ule mguu wake mbovu. Hakuwahi kutuzungumzia vita kabla ya siku ile. Akatueleza taratibu kwamba vita vilipoanza aliwafuata ndugu zake wa bondeni, wakapewa maji ya dawa, wakaambiwa risasi za Mdachi hazitawaingia. Wengine walinyunyiziwa, yeye alikunywa. Akamuuliza aliyekuwa kando yake kama kuna mtu ameijaribu dawa hiyo. Jamaa akamwambia anyamaze, asilete mkosi.

"Sisi dawa yetu tuliijaribu siku yenyewe," akasema. "Yule jamaa nilimwacha palepale. Nyinyi mmejaribiwa leo, mmeumwa matumbo tu, hakuna aliyezikwa. Mmepewa siku ya kushindwa bure, halafu mnapanda nayo mlima mkiifanyia mzaha. Masasi visima viko karibu na uwanja. Mngekwenda kunywa vilevile."

 Likwena alikaa chini pale njiani akaukumbatia mpira wetu. Kesho yake alituma mtu Kitangari kuomba turudiane. Tukarudi, tukajifunza kukaa karibu na maji bila kuyashambulia. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Tena tukagundua kwamba fulani akicheza nyuma anafaa kuliko mbele, na kwamba Likwena hampi mtu mpira. Naye akaambiwa, akanuna, akabadilika.

Masasi walitupokea vizuri. Watu wakarimu, wakatuletea maji kwa ndoo, ya baridi. Likwena akachukua funda moja, akasukutua, akatema. Sisi wote tukafuata. Mwanangu, kwa mtu wa Mnyambe kutema maji safi ni kama kumwaga chakula, mmoja wetu alifumba macho wakati wa kutema. Lakini tulikimbia mpaka jua likaanza kulala. Wao ndio walioanza kuchoka. Tuliwafunga bao moja, karibu na mwisho, na pasi nilitoa mimi.

Nikamtafuta Mzee Namkuna kwenye watu. Nikamkuta anazungumza na muuza tumbaku. Nikamuuliza kama ameliona bao letu.

"Bao gani?" akasema. "Nilikuwa na mazungumzo."

Nikageuka kuondoka. Akanitazama, akaona nilivyokuwa, akanihurumia.

"Jibu lako nililipata Kitangari," akasema. "Hapa kila mtu anakimbia, watu wanamtazama. Kule ilikuwa haihesabiwi, nawe ulitapika ukakimbia. Njoo na wazee wako."

Basi, huyo ndiye bibi yako aliyecheka jana. Mpaka leo nikinywa maji mengi ananiuliza kama nakwenda kucheza mpira.

Kwa hiyo nenda Chilangala, mwanangu. Ukishinda usijisifu, ukishindwa usilie, maana mabao ya kujipima hayana uzito, hapo umesema kweli. Lakini mchezo wenyewe una uzito. Tazama kinachokuchosha, tazama anayekupita na anapitia wapi, tazama mwenzako anayejificha mpira usimfikie, na ujitazame wewe wakati hakuna anayekuhesabia. Ukiyaona hayo mapema utayarekebisha. Ukisubiri kuyaona kwenye mashindano, yatakuona yenyewe kwanza.

Mungu akupe siku nyingi za kujaribu kabla ya siku yenyewe. Akupe wa kukuambia kweli ungali njiani, na miguu ikufikishe na kukurudisha salama. Haya, kaitie mafuta ile njumu yako. Na ukiona maji huko, kunywa taratibu.