Mfereji Tuliouacha kwa Mafuta ya Ziwani

Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini miaka ya tisini mashine ya kwanza ya kusaga hapa kijijini Kasokola ilikuwa yangu, na niliifunga kwa mikono hii. Injini ilikunywa dizeli, na dizeli ilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora. Kila masika maji yakikata reli, mashine inanyamaza, kina mama wanarudi kwenye kinu.

Fundi mzee wa misheni aliponiambia mto wetu unaweza kuizungusha mashine ileile, nilikubali papo hapo. Gurudumu atengeneze yeye, mawe na mkanda vyangu, kijiji kichimbe mfereji kwa msaragambo, kazi ya wote bila malipo. Kiangazi chote, kila Alhamisi, watu na majembe, mimi mbele. Hakuna aliyenifikia kwa kuchimba, anayebisha aje.

Tulibakiza kipande kifupi tu, zikapita gari mbili za wataalamu kuelekea Ikola kupima mafuta chini ya ziwa. Basi! Alhamisi iliyofuata tulikuja watu wanne. Nikamfuata kaka wa mke wangu kwake, nikamkuta na wenzake wanasugua mapipa ya pombe kwa majivu.

"Shemeji, mfereji vipi?"

"Mfereji wa nini tena? Dizeli tutaichota hapo Ikola kama maji. Sema tu unaogopa, tajiri! Kila mtu atakuwa na mashine yake."

Wakacheka. Nikapaza sauti.

"Nyie! Hata yakitoka, mtayamimina kwenye injini yakiwa tope? Yatapelekwa pwani yakasafishwe, halafu yarudi kwa treni ileile, reli ileile inayokatika. Mto uko hapa, hausubiri treni."

"Hayo umesoma wapi?"

"Sijasoma. Nimekaa stesheni na mapipa matupu kuliko nyie wote."

Hakuna aliyeinuka.

Masika yakaja, reli ikakatika, dizeli yangu ikaisha. Wataalamu walishaondoka, na hakuna aliyetuambia waliona nini. Sasa watu wakaja na ndoo za mahindi, shemeji katikati yao. Niliwaonyesha majembe. Tukachimba mvuani, kijiji kizima, lakini udongo uliolowa hauna adabu: tulichochimba asubuhi kilifukiwa mchana, na kingo za kiangazi zikamomonyoka zote. Fundi akatusimamisha asije akafa mtu.

Nikarudi nyumbani nimejaa matope. Mama yangu, mzee, bega bovu, anatwanga mahindi uani kwa mtu mwenye mashine! Nikamnyang'anya mchi.

Shemeji alikuwa anapita. "Jamani, tajiri anatwanga!"

Nilitwanga kama nampiga mtu, mahindi yakaruka nje ya kinu.

"Mwanangu, unamwaga chakula," mama akasema taratibu. "Nipe mimi."

Nikamfokea anyamaze. Shemeji ndiye aliyestahili sauti ile, na wenzake wote wa mapipa. Aliyeipata ni mama.