Taa ya Kijani Inayomkosesha Raha Mama Taa

Saa mbili asubuhi, Mama Taa anaipulizia bodi ya redio, kibao chenye saketi zake, hewa ya moto kwa draya ya nywele. Sweta lake lina tundu la moto kwenye kiwiko. Macho yake hayabanduki kwenye taa ya kijani ya bodi hiyo, ndogo kama punje ya mchele.

"Zimika basi, mwanangu," anaibembeleza bodi. Haizimiki.

Karakana anamofanya kazi inaunda redio za magari ya wagonjwa. Ndani ya kila redio kuna saketi inayofuata mdundo wa kipande cha fuwele, hatua kwa hatua, ili redio isihame njia yake ya mawimbi. Ikihama, dereva anaita na hasikiki.

Mashine ya kuipima ni bei ya nyumba. Ndipo yeye, baada ya miaka kumi na tisa kwenye benchi hilo, akabuni kihisi, kipimo kidogo cha bei ya mkate, kinachochomelewa humohumo ndani ya bodi. Saketi ikifuata mdundo, taa inawaka; ikiteleza, inazimika. Bodi arobaini zimefaulu. Mnunuzi anazifuata leo saa nane.

Lakini juzi redio mbili zilizofaulu, moja juani, moja kivulini, hazikusikilizana. Taa zote kijani, macho makavu.

"Kihisi changu kinasikiliza fuwele ileile inayoiongoza saketi," anajisemea. "Joto likiipotosha, wote wanapotea pamoja. Ni kumuuliza mlevi kama mwenzake kalewa."

Simu inaita. Ni shemeji yake, dereva wa gari la wagonjwa.

"Shemeji, redio yako ikinitupa njiani, nahamia kwako na sahani yangu!"

"Njoo na sufuria pia, kwa tumbo hilo," anamjibu. Anacheka, kisha anakata simu. Anakwenda kwa bosi.

"Tusizitoe leo."

"Taa si zinawaka zote?"

"Ndizo zinazonitisha, bosi. Nipe siku mbili. Kihisi cha bodi ya moto kisikilize fuwele ya bodi jirani iliyo baridi. Ni waya mmoja tu."

"Mnunuzi akiondoka, nani atakiamini tena kihisi chako?"

"Mimi mwenyewe sikiamini."

Bosi anatazama saa ukutani. Kisha anavuta kigoda. "Ipi ya moto?"

Saa nane mlango unagongwa. Bodi ya kumi na moja ndiyo kwanza inapata joto, na tatu ambazo taa zake zimezimika zimeshawekwa kando. Bosi anainuka kwenda kumkabili mnunuzi.

"Natamani siku moja taa iwake," anasema Mama Taa, draya mkononi, "nami nikale chakula cha mchana bila kugeuka nyuma."

Leo bado hajala.