Mafuta ya Kukamulia

Naandika haya mikono ikinuka mafuta ya kukamulia ng'ombe, na sijui kesho nitaingia darasani na uso gani.

Leo ilikuwa zamu yangu kueleza wenzangu jinsi bakteria wa kifua kikuu anavyovaa koti la mafuta. Mimi hata kuitikia rejista hunitoa jasho. Nilijipaka mafuta mikono yote miwili ili nionyeshe bakteria anavyoteleza, halafu kengele ikalia na woga ukanishinda. Nikaisukuma chati yangu ya maelezo nyuma ya kabati la vitabu. Madam wa biolojia alipoingia, nikamwambia imepotea.

"Imepotea ama imeibwa?" akauliza.

Tumerudi shule juzi tu baada ya vurugu za uchaguzi, na macho yote yakamwendea Njeri, aliyetoka kambi ya waliofurushwa makwao. Njeri akainama. Nilitaka kusema ukweli, mdomo ukakataa.

Lakini Madam alikuwa akiangalia kabati, ambapo alama za vidole vyangu ziling'aa kama zimepigwa vanishi. Akaivuta chati. Nayo ilikuwa imejaa alama hizo hizo.

"Chebet, njoo utusomee mstari wako wa mwisho."

Nikasoma kwa sauti ya mbu: "Koti la mafuta humkinga bakteria, lakini askari wa mwili humtambua kwa mafuta hayo hayo."

"Sasa onyesha mikono."

Nikaonyesha. Njeri ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Bakteria ameshikwa," akasema, akanirushia leso yake.