Chama cha Kutukanana

Kila mwaka, siku ya gwaride, mwenyekiti wa chama cha wapiganaji wa zamani hapa Kolwezi husimama mbele ya kipaza sauti na kusimulia jinsi alivyokianzisha. Husema alikosa usingizi kwa kuwaza hali ya wenzake, akaonyeshwa njia katika maombi, akawaita wazee wakamfuata. Kila mwaka hadithi inanenepa, kama yeye mwenyewe. Mimi humsikiliza nikiwa nje ya kamba pamoja na wauza maji, maana nyumba yetu haipewi viti tena, na husema kwa sauti, aliye karibu asikie: mwongo. Chama kilianzia uani kwetu, Manika, kati ya jiko na choo, na yeye hakuwepo.

Mimi nilikuwepo. Ndoa ilikuwa imenishinda, nikarudi kwa baba. Asubuhi nafundisha shule ya msingi, alasiri napika. Baba alikuwa askari wa jeshi la serikali wakati vita vilipoingia mjini kwetu. Alipoacha jeshi hakuna aliyemwambia hata asante. Akaingia karakana ya kampuni ya shaba, akatengeneza magari ya wenzake hadi nywele zikageuka nyeupe. Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, alifanya kazi machimbo ya Mutoshi. Miaka nenda miaka rudi wakaazimana nyundo na sururu, wakabatiziana watoto, wasiulizane siku zile za vita kila mmoja alikuwa wapi. Hapa kwetu ndiyo adabu: vita havitajwi kabla hujajua unayezungumza naye alikuwa upande gani.

Mvua ndiyo iliyowachongea. Iliangusha ule ukuta, wakawa wanaujenga upya pamoja, mmoja anapanga matofali, mwingine anakoroga udongo. Jirani, kwa kuchoka tu, akasema kwamba mgongo ule ulianza kumuuma tangu siku aliyolala kutwa nzima ndani ya mtaro kando ya reli, risasi zikipita juu yake. Baba akasimama na tofali mkononi.

“Ule mutaro ya pembeni ya ile nyumba ya mabati ya rangi?”

“Ni ule.”

“Ni weye ulikuwa mule ndani?”

Jirani alikuwa amekuja na wale waliovuka mpaka kuupiga mji. Baba alikuwa upande wa pili wa reli, na ule mtaro ndio alioambiwa aupige. Baba aliweka tofali chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Ukuta ukabaki nusu. Kwa majuma mengi watu wale wawili walipitana mlangoni kama hawajawahi kuonana, na sisi wanawake tukawa tunapitishiana chumvi juu ya matofali kwa siri, kama wezi.

Aliyemaliza jambo hilo ni bibi yangu, mama yake baba, aliyekuja kutoka kaskazini mwa Katanga kututembelea na akachoka kula katika nyumba iliyonuna. Kwao, koo mbili zilizopigana zamani huwa watani. Mtani hukutukana mbele za watu na hukasiriki. Unapokufa, ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayebeba sanduku, na ndiye anayesimama mbele ya maiti yako na kukusema mabaya yako yote mpaka wafiwa wacheke. Bila mtani, kwao, mtu hajazikwa, amefukiwa. Bibi akawaita wote wawili, akawapa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, katika kikombe kimoja, akawaambia:

“Mulipigana, mulishindwa kuuana. Basi mutatukanana mpaka kufwa, na mwenye atabakia atazika mwenzake.”

Walikunywa. Kisha baba akasema, “We ulikuwa unapiga bunduki sawa mama mwenye anafukuza kuku.”

Jirani akamjibu, “Na weye? Muchana muzima, mutaro ni mule mule, mi niko mule mule, hata sikio haukugusa. Kama serikali ilikulipa, ilitupa makuta yake mu choo.”

Hapo ndipo chama kilipozaliwa. Habari ilienea, na Jumapili baada ya misa wakaanza kuja wengine, wa upande huu na wa upande ule, wanaume waliokuwa wamefunga midomo kwa miaka. Nilipika munkoyo sufuria kubwa na wao wakakaa juu ya matofali yaliyobaki, wakatukanana mpaka machozi yakawatoka. Hapakuwa na mwenyekiti, wala katibu, wala muhuri. Mmoja akifa, wa upande wa pili walichimba na kubeba. Nimeona mzee aliyekuwa adui akisimama mbele ya sanduku na kumwambia maiti kwamba hata kufa kwenyewe amechelewa, kama alivyokuwa akichelewa kila vita, na mjane akajifunika kitenge akicheka na kulia. Ninafundisha watoto kusoma na kuandika, lakini sijui somo lolote nililowapa lililofanya kazi kubwa kama ile.

Kisha akaja mheshimiwa, huyu mwenyekiti wa leo. Siku ya kwanza alikuja kwa taksi-moto, bila kofia ya kijeshi wala mkoba, akasema ukweli kwa sababu bado hakujua uongo utamfaa nini: vita vyote alivipitisha katika ghala la viatu, kambi ya mbali sana na huku, akiwagawia wengine waende wakafe wakiwa wamevaa vizuri. Wazee walimcheka, wakamkaribisha. Na huo ndio upumbavu wao. Debe tupu ukiliweka uani, siku moja litapigwa na mtu. Baada ya miezi michache alikuja na kofia nyekundu, akaja na mkoba, akaja na viti vya plastiki na fulana kutoka kwa kampuni moja ya madini iliyotaka kupigwa picha na wazee. Akaja pia na kamati yake: makamu, katibu, mshauri, mtu wa itifaki. Mtu wa itifaki! Watu wanaokaa juu ya matofali, wanatafutiwa mtu wa kuwaonyesha pa kukaa.

Mwisho alikuja na bendera. Akaikunjua mbele ya wazee, kitambaa kizito chenye kung'aa, akasema kila mwanachama atakayekufa sanduku lake litafunikwa kwa bendera ile, na tarumbeta italia. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinua mkono kidogo, kama anataka kuigusa, kisha akaurudisha. Nilimkasirikia sana siku ile. Nilijua hapo hapo kwamba amenunuliwa, na kwamba aliyemnunua alitumia njaa ambayo mimi, binti yake, sikuwahi kuijua. Mtu aliyesubiri asante maisha yake yote, humwambii kitu mbele ya bendera.

Basi masharti yakafuata, moja baada ya jingine. Chama ni cha waliotumikia jeshi la taifa. Wale wa upande wa pili watakuwa “waangalizi,” wakae nyuma. Baba akapewa kiti cha mbele. Jirani yake akapelekwa mstari wa mwisho, karibu na sufuria zangu, na kutoka huko akaendelea kumpigia baba kelele, “Kichwa yako inanifungia njia ya kuona!” mpaka likaja sharti jingine: kutukanana hakuruhusiwi, kunavunja heshima ya chama. Mimi nikaacha kupika munkoyo. Wakanywa soda na kupongezana. Wanaume ambao hawakuwahi kushika bunduki wakamsifu mgawa viatu kwa ushujaa wake, naye akakubali sifa zile kwa kuinamisha kichwa.

Jirani akaugua kifua. Vumbi la Mutoshi halimsahau mtu. Baba alivuka kwake kila jioni na sharti la mheshimiwa halikuvuka naye. Nilikuwa nikisikia matusi na kikohozi na kicheko juu ya ukuta. Jirani alikufa wakati wa kiangazi, asubuhi, mkewe akapiga yowe, na baba akatoka nje kabla ya kuvaa viatu.

Alasiri hiyo chama kilikutana. Mwenyekiti alisema chama hakiwezi kumbeba mtu aliyeinua silaha dhidi ya bendera. Akasema mwanachama yeyote atakayechimba kaburi lile arudishe kofia, na asitarajie bendera siku yake ikifika. Alisema akimtazama baba. Baba alirudi nyumbani akaketi jikoni, mahali asipoketi kamwe. Nikamuuliza atafanyaje.

“Niache kwanza,” akasema.

Nilimwacha. Nilitamani kumpigia kelele lakini nilimwacha. Kesho yake asubuhi kofia ilikuwa juu ya kitanda na sururu haikuwa nyuma ya mlango.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Wiki ile ile alikuwa amefika mjumbe kutoka Kinshasa, kuangalia jinsi vyama vya wapiganaji vinavyowatunza watu wao. Mwenyekiti alitaka kumwonyesha kazi, na kazi yenyewe ni maziko, lakini katika wanachama wake wote hakuna aliyekuwa na adabu ya kufa wiki hiyo. Akahitaji maiti. Na maiti ilikuwepo, imelala nyumba ya pili, ile ile aliyoikataa jana. Saa sita mchana, tukiwa tumekaa chini na mjane, tukasikia ngoma na tarumbeta. Wakaingia kwa mstari, kofia nyekundu, fulana za kampuni, mtu wa itifaki akitusukuma tumpishe mjumbe. Hawakumwuliza mjane neno. Walikunjua bendera wakafunika sanduku, na mwenyekiti akatoa karatasi akasoma jinsi marehemu, “shujaa wa jeshi letu,” alivyoulinda mji huu dhidi ya wavamizi.

Mjane alinishika mkono akaniminya mpaka vidole vikafa ganzi. Watu walitazama chini. Hakuna aliyesema kitu, maana mjumbe alikuwa na walinzi, na watu wa Kolwezi tunajua kunyamaza; tumefundishwa na wengi.

Ndipo baba akafika kutoka makaburini kuwaita wabebaji. Udongo mwekundu hadi magotini, jasho shingoni, kichwa wazi. Akasimama mlangoni, akaona bendera, akasikiliza mistari miwili mitatu. Kisha akapita katikati ya kofia zote zile, akaenda kichwani mwa sanduku, akaligonga kwa vidole kama anayebisha hodi.

“We muivi! Lamuka! Unaona bamekufanya nini? Ulitembea kwa miguu toka kule kuya kupiga iyi bendera, leo bamekufunika nayo sawa blanketi, na we umelala tu! Hata kukataa haukatae! Mi niliwaambiaka, huyu muntu ni muvivu!”

Aliyeanza kucheka ni mjane. Aliniachia mkono, akaangusha kichwa magotini mwangu, akacheka kwa sauti ya msichana. Wakafuata wazee wa upande wa pili, wale waangalizi, waliokuwa wamesimama nyuma karibu na ukuta. Kisha hata wenye kofia, mmoja mmoja, wakiziba midomo. Mjumbe akauliza kwa Kifaransa kuna nini. Kijana mmoja wa familia, aliyelewa au aliyechoka, akamweleza yote: marehemu alikuwa upande gani, na nani alimpiga risasi nani. Mjumbe akaacha kutabasamu, akatazama saa yake, akaenda kwenye gari.

Mwenyekiti akamwambia baba ataona. Baba alimpa mgongo. Alishika pembe moja ya bendera, akamwita mmoja wa waangalizi ashike ya pili, wakaikunja polepole, pembe kwa pembe, kama askari wanavyokunja, bila mzaha wowote. Baba akaishika kifuani kitambo. Kisha akamkabidhi mwenyekiti.

“Iyi ni bendera yangu,” alisema. “Haiko yake.”

Wakambeba jirani, wakamzika, wakamtukana hadi udongo wa mwisho.

Baba alifukuzwa, na barua ya kumfukuza ilisomwa hadharani, kama vile kuna mtu aliyekuwa amekosa usingizi kwa wasiwasi juu ya jambo hilo. Mwenyekiti amekuwa akituma watu: mzee aombe radhi mbele ya chama, bendera itarudi. Nimewafukuza mwenyewe, wa mwisho nikamwambia kwamba mtu aliyegawa viatu akiombwa radhi itabidi aombwe kwa kupigiwa magoti, ndiko viatu viliko. Waangalizi wamekufa, wa mwisho mwaka jana. Baba aliwazika wote, alipokosa nguvu ya kuchimba alikaa kando ya shimo juu ya kiti na kutukana. Nyumba za jirani sasa wamepanga vijana waliotoka mikoa yote kuchimba kobalti. Wana heshima, humwita tata, yaani baba, humsaidia kuvuka barabara. Hawajui alipigana na nani.

Juma lililopita nilikuwa namkata kucha. Amekonda, pumzi yake fupi. Nilidhani anawaza bendera, nikamwambia kwa hasira kwamba nikitaka nitaishona mwenyewe, kitambaa kipo sokoni, nani atanizuia. Akatikisa kichwa.

“Bendera, achana nayo. Mi sasa, siku nitakufwa, ni nani atanitukana?”

Nilitafuta jina nikakosa. Nimekuwa na ulimi mchafu tangu utoto. Umeniharibia ndoa, umenigombanisha na wakuu wa shule wawili, na hapa nimemkata mwenyekiti vipande vipande bila hata kupumzika. Siku ya kumzika baba nitaketi chini na wanawake wenzangu, kimya, maana mtoto hamtukani baba yake.