Beki Tuliyemficha Igogo

Mwaka ule timu yetu ilikuwa na nafasi ya kusajili mchezaji mmoja tu wa maana, na mimi ndiye niliyeshinda mjadala. Mwenyekiti alitaka mshambuliaji. Alikuwa mfanyabiashara wa sangara, mmoja wa wale walioinuka Mwanza viwanda vya minofu vilipofunguliwa, na ndiye aliyetubeba tangu chama cha ushirika kilichokuwa kikitulea kishindwe kujilea chenyewe. Mtu wa namna hiyo anataka magoli. Mimi, katibu wa kamati ya usajili, nilibisha kikao kizima. Niliwaambia kwamba tunafunga vya kutosha ila tunafungwa kama timu isiyo na kipa, na kwamba kule Kisesa kuna beki wa kati anayeruka juu kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikaapa kwamba tukimkosa huyo, nitajiuzulu. Nilikuwa mtu wa maneno mengi wakati ule.

Nilimfuata kwao mwenyewe. Mama yake alikuwa anaanika pamba. Alinisikiliza bila kuacha kazi, akauliza swali moja tu, kwamba mtoto atarudi lini. Nikamwambia Jumamosi, fomu zikishapokelewa, nitamleta mwenyewe aje aage vizuri. Akakubali. Nikamwelekeza lilipo duka langu la spea za baiskeli pale Mkuyuni, wakiwa na shida wanifuate.

Asiyejua mpira wa miaka ile atashangaa kwa nini mtu mzima afichwe. Mchezaji aliweza kusaini kwetu asubuhi na kwa wapinzani jioni, kwa hiyo mpaka siku ya mwisho ya kupokea fomu ulimfungia ndani na kumlisha. Mke wangu alimpa kijana chumba cha uani nyumbani kwetu Igogo, na hakutoka hata kwenda ziwani kuoga, ambako ni hatua chache tu.

Wapinzani nao walikuwa na mbinu za kumtoa mtu mafichoni. Mbinu kubwa kuliko zote niliibuni mimi. Msimu uliotangulia nilimtuma mzee mmoja kwenye nyumba walimomficha winga wao, akaseme mama wa winga amefariki. Mzee alilia mpaka waliokuwa wakimlinda winga wakalia naye. Winga akatoka mbio, gari letu likamdaka kona ya kwanza, na kesho yake alikuwa mchezaji wetu. Mama yake alikuwa mzima wa afya. Tulicheka wiki nzima, na sikuona ubaya wowote. Niliiita akili ya usajili.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mwisho, mzee mmoja alifika dukani kwangu na baiskeli iliyojaa vumbi. Nilimwamkia, akaitika. Akasema yeye ni mjomba wa yule beki. Dada yake, mama wa kijana, aliamka jana akiumwa tumbo, na jioni akafariki. Watazika kesho alasiri, naye amekuja kumchukua mpwa wake.

Nilimtazama kwa raha kabisa. Mama huyo nilimwona wiki iliyopita akiwa na nguvu zake. Tena mzee mwenyewe hakuwa na hata chozi. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mzee, rudi ukawaambie waliokutuma kwamba mbinu hiyo ni yangu," nilimwambia. "Na wa kwangu alijua kulia."

Aliuliza tu kama kijana yupo, mkono kwenye usukani wa baiskeli. Nikasema simjui. Akaondoka akiisukuma baiskeli kama aliyesahau kuipanda.

Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo, tukagongeana mikono. Mke wangu aliniuliza, na kama ni kweli? Nikamwambia hajui mpira. Mchana nikala ugali na kijana sahani moja, na sikumwambia neno, maana mchezaji aliyefichwa hapewi habari.

Jumamosi fomu zilipokelewa. Tukampakia kijana kwenye pikapu ya mwenyekiti, kreti za soda nyuma, tukaenda Kisesa kumshukuru mama. Tulipokaribia nyumba yao niliona uani watu wengi wamekaa chini. Nilidhani wamekuja kutupokea. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani. Halafu nikaona kaburi kando ya shamba la pamba, udongo bado mbichi. Nilisikia mtu akihema kwa nguvu ndani ya gari, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kijana alishuka. Alikwenda mpaka kaburini, akapiga magoti, akakaa hapo muda mrefu huku wanawake wakianza kilio upya. Nilikuwa nimejikongoja mpaka uani aliporudi, naye akanijia moja kwa moja.

"Katibu, ulijua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilichosema ni hapana. Nilishtuka kujisikia nikilitoa neno hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, katikati ya wafiwa, na mjomba wake akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu.

Kijana akamgeukia, akamuuliza kama hawakutuma mtu dukani kwangu.

Mzee alinitazama. Nilingoja aniumbue mbele ya ukoo mzima, na ningestahili.

"Nilikwenda mwenyewe," alisema. "Nilikuta pamefungwa."

Kijana akaamini, akaenda kukaa na ndugu zake. Mimi nikamfuata mzee nyuma ya nyumba. Nilikwenda kuomba radhi, nikaishia kumuuliza kwa nini amenisitiri.

"Sikukusitiri wewe," alisema. "Fomu mmeshapeleka. Huyu atakula kwako mwaka mzima, na mimi nataka ashibe."